Tarehe ya Kupokelewa

Mwezi uliopita walimuaga Injinia Fadhili, bosi wangu wa kwanza, katika ukumbi wa hoteli moja ya Dar es Salaam wenye baridi ya kutetemesha meno. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu sisi watu wa makamo ndivyo tulivyo, tunavaa gauni linalobana na kukaa meza moja na watu tuliowasahau majina. Biriani ikiwa bado mezani Injinia akasimama, kipaza sauti mkononi, akaanza kusimulia maisha yake ya kazi, na alipofika Mafia akatabasamu lile tabasamu lake ninalolijua. Akasema kule ndiko alikojifunza kwamba muundo mzuri wa mfumo wa kompyuta ni ule unaomridhisha kila aliye mezani. Akanitafuta kwa macho, akaninyooshea kidole, akasema huyu hapa ndiye aliyeupata muundo ule, Raya, wakati huo binti wa miaka ishirini na minne. Watu wakapiga makofi. Nikanyanyuka nusu, nikainamisha kichwa kama mwenye kushukuru, nikakaa. Kipande cha nyama kilikuwa bado mdomoni na hakikutaka kwenda mbele wala kurudi nyuma, nikakitema kwenye karatasi ya kufutia mikono na kukisukumia chini ya sahani. Nimeona mengi ya kutia kinyaa katika kazi hii, lakini hakuna lililonitia kinyaa kama mwili wangu mwenyewe ulivyojua upesi namna ya kupokea makofi yale.

Basi niuseme mwaka ule, maana yeye kausema kivyake. Tulipanga nyumba Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, vyumba vitatu na sebule iliyopakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi nusu ya ukuta. Makochi yalikuwa bado yamevikwa nailoni ya dukani, na ukikaa ukiwa na jasho, ukinyanyuka ngozi inabaki nyuma. Tulikuwa watatu: Injinia Fadhili, aliyekuja na kuondoka kwa ndege ndogo, Sefu, mtaalamu wa kuandika programu, mtu wa maneno machache na sigara nyingi, na mimi, niliyekuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo. Mwenye nyumba alituletea chakula kwenye sinia moja, wali wa nazi na mchuzi wa changu, siku nyingine pweza aliyepikwa hadi akalainika, na tulikula huku kompyuta zimefunguliwa pembeni, herufi za vibonye zikifutika kwa mafuta ya vidole. Hadi leo nikisikia harufu ya nazi iliyokaangwa na soketi ya umeme iliyopata joto, namwona Fadhili akichambua miba na kuipanga kwenye ukingo wa sinia, upande wa Sefu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mfadhili mmoja alitaka wahudumu wa afya wa vitongoji, wale wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito na kuwatembelea wajawazito, waache madaftari na waandike kwenye simu. Takwimu zifike Dar es Salaam, zionekane kwenye ramani, kila kitongoji na kitone chake cha kijani kinachowaka kazi inapofanyika. Lilikuwa wazo zuri na nililiamini. Sisi watatu kazi yetu ilikuwa kuchagua mambo mawili kabla ya kuandika mstari hata mmoja: tutafanya kazi kwa njia gani, na mfumo utakuwa na umbo gani.

Kuhusu njia, Sefu alitaka tutengeneze kidogo, tukipeleke kwa wahudumu, tuone kinavyowasumbua, turudi turekebishe, twende tena. Alisema hajawahi kumwona mpishi anayeandika kiasi cha chumvi mwezi mzima kabla hajawasha moto. Fadhili alitaka kitabu. Mahitaji yote yaandikwe kwanza, kurasa kwa kurasa, mfadhili asaini, ndipo tujenge kile kilichosainiwa na tusiguse kingine. Siwezi kusema alikuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alikuwa ameshafanya kazi na watu waliobadili mawazo kila wiki na kisha wakakataa kupokea mzigo, na kitabu kilichosainiwa kilikuwa ngao yake. Lakini kitabu kile tulikiandika pale pale juu ya makochi ya nailoni, tukikisia jinsi mwanamke wa kisiwa cha jirani cha Juani anavyoishi, na bahari ya kutufikisha kwake ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa boti ya mashine. Nilichapa kurasa zaidi ya mia na sikuwa nimemwona mhudumu hata mmoja.

Kuhusu umbo, walivutana wiki nzima. Fadhili alitaka kila kitu kikae kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya Dar es Salaam, na simu ziwe madirisha tu ya kuingilia. Sefu alitaka simu iwe na ghala lake yenyewe, mhudumu aandike hata pasipo na mtandao, na kila taarifa ibebe tarehe ya siku ilipoandikwa, itumwe baadaye mtandao ukipatikana. Fadhili akasema simu za bei nafuu zikizimika tarehe zinajirudisha mwanzo, na hata zisipojirudisha, watu watazichezea. Mtu akae nyumbani mwezi mzima, siku ya mwisho aandike tarehe anazozitaka. Sefu akasema ukimchukulia mtu kuwa mwizi kabla hujamwona, usimpe simu. Waliendelea hivyo, wali ukipoa, mimi katikati nikimega tonge kwa adabu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka nipendwe na wote wawili. Nikasema: basi simu ihifadhi kama anavyotaka Sefu, lakini tarehe iwe ya seva, siku taarifa inapopokelewa, kama anavyotaka Injinia.

Fadhili akaweka tonge chini, akanitazama, akasema huyu binti ana kichwa. Sefu alinawa, akatoka barazani kuvuta, na nilipomfuata akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nimempa kila mtu nusu, na anayekuja kuumia ni yule ambaye hakuwapo kwenye sinia. Nilimwona ana wivu. Mwezi uliofuata alirudi Dar es Salaam na kuacha kazi, na nikapewa nafasi yake. Kwa tahadhari tu, au tuseme kwa sababu maneno yake yaliniwasha, niliiachia simu nafasi moja ya siri, ihifadhi pia siku na saa halisi ya kuandikwa, ndani ndani, pasipoonekana na pasipotumwa popote. Nilijiambia itanisaidia kutafuta makosa ya programu. Sikumwambia mtu.

Kitabu kikasainiwa, mfumo ukajengwa, ndipo nikaenda Juani kugawa simu. Hapo ndipo nilipomjua Bi Pili, mhudumu wa kitongoji kimoja cha upande wa nje, mwanamke aliyekaribia miaka hamsini, mkulima wa mwani kama wenzake, mwenye sauti ya taratibu na nyayo zilizochanjwachanjwa na miamba. Mizani yake aliitundika kwenye boriti ya ukumbi, ikining'inia na kile kifuko cha kumwekea mtoto, na chini yake sakafu ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Mumewe, Mzee Haji, alikuwa fundi cherehani. Alishona mlangoni, mgongo kwa watu, na nilipomsifia mkewe akasema bila kugeuka kwamba asubuhi yeye ndiye anayepika chai siku hizi, mwenzake akisharauka keshakwenda kwa watoto wa watu. Alisema kama anayelalamika, lakini alikuwa anajivuna. Tulikula mihogo ya nazi na dagaa wa kukaanga. Bi Pili alinawa mikono mara mbili kabla ya kuishika simu.

Alijifunza upesi kuliko wote. Mwisho nikamuuliza kuhusu mtandao, akacheka kidogo akasema, "Huku kwetu, mwanangu, mtandao unakuja na bamvua." Niliyapenda sana maneno yale. Niliyaandika kwenye kijitabu changu kama mtu anavyoandika methali nzuri ya kuwasimulia wenzake mjini, nikamshukuru, nikapanda boti. Haikunipitia akilini kwamba alikuwa ananipa maelezo ya kitaalamu. Mwanamke yule alikuwa ananiambia kwamba kitongojini mwao simu haishiki kitu, kwamba pahala pekee inaposhika ni nje kabisa, kwenye vigingi vya mwisho vya mashamba ya mwani, na kwamba huko mtu hafiki kwa miguu ila maji yanapokupwa sana, siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kati ya hapo ni maji mafu, yasiyokupwa vya kutosha, na hakuna mtandao. Kila mwanamke wa pwani ile alilijua hilo kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Mimi mwenye shahada nilidhani ni mashairi.

Kwa hiyo alifanya kazi hivi, na hili nililijua baadaye. Kila siku alipima watoto na kuandika. Bamvua likifika alishuka na wakulima wenzake, simu imefungwa kwenye nailoni na kukazwa ndani ya kilemba cha kanga kichwani, akaenda hadi kigingi cha mwisho, akasimama maji yakimfika magotini, akabonyeza kutuma. Alisimama pale akiishika simu juu hadi mstari mdogo wa kijani ujae. Wenzake wanafunga mwani, yeye anatuma watoto aliowapima kwa wiki mbili.

Baada ya miezi minne mratibu wa mradi akaja kukagua, pamoja na Fadhili. Mkutano ulifanyika Juani, chini ya kibanda cha makuti, viti vya plastiki kwa wageni na mikeka kwa wahudumu. Jenereta ilinguruma nyuma, soda na biskuti zikapita kwenye viti tu. Mratibu alikuwa mtu mzito anayekula huku anaongea, unga wa biskuti ukimwangukia kwenye tai, na kila akiinua kidole kuonyesha mbele unga mwingine unamwagika. Kwenye shuka nyeupe wakaangaza michoro. Vitongoji vingine vilikuwa na vitone kila siku. Cha Bi Pili kilikuwa cheusi siku kumi na mbili, kumi na tatu, kisha kinapasuka taarifa hamsini na kitu kwa mkupuo, kisha giza tena. Mratibu akauliza, akicheka, kama huku watu wanaugua mwezi mwandamo na mwezi mpevu tu. Viti vikacheka. Kwenye mikeka hakuna aliyecheka, wanawake walitazamana, na nikamsikia bibi mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba si ndiyo bamvua hilo. Hapo hapo, nikiwa nimeshika soda ya baridi, nikaelewa kila kitu. Nikaelewa methali yangu.

Mratibu akamwita Bi Pili asimame. Akamuuliza kama taarifa hizi zote alizituma siku moja.

"Ndiyo," akasema Bi Pili.

Kwa saa moja?

"Haikutimia saa. Maji yalikuwa yanajaa."

Akaulizwa vipi mtu mmoja apime watoto hamsini chini ya saa moja. Akajibu kwamba watoto aliwapima kwao, kila mmoja kwa siku yake, siku ile ilikuwa ya kutuma tu. Hakupandisha sauti wala hakujitetea, maana alidhani anaulizwa ili ajibu. Aliamini kwamba wenye mashine wanajua mashine yao inavyofanya kazi, na kwamba akisema kweli iliyonyooka, itakutana na kweli iliyomo ndani ya simu. Mratibu akageukia shuka, akaonyesha tarehe, akasema karatasi zinadanganya lakini mashine haimwonei mtu. Fadhili akanitazama. Alikuwa keshaelewa, nililiona hilo usoni mwake. Akasema mtaalamu wetu yupo hapa, hebu atuambie kama mfumo unaweza kukosea tarehe.

Nikasimama. Nilisema, "Mfumo unaandika tarehe ya kupokelewa."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo nimeibeba tangu siku ile kama mtu anayetembea na samaki aliyeoza mfukoni. Hapakuwa na mtu pale wa kuelewa maana yake ila mimi na Fadhili. Fadhili akawaambia, mmesikia, haukosei. Nikakaa. Bi Pili aliniinamishia kichwa kidogo kama anayenishukuru kwa kumsemea.

Walimwondoa siku ileile kwa kosa la kupika takwimu. Wakaenda ukumbini kwake na mwenyekiti wa kitongoji, wakaitungua mizani kwenye boriti mbele ya majirani. Yeye mwenyewe aliwashikia kigoda. Mzee Haji alikuwa ameacha kushona, mguu umesimama juu ya pedali, anatazama. Simu nikakabidhiwa mimi. Wiki ile habari zikanifikia Kilindoni kwa mdomo wa mwenye nyumba, aliyekuwa na ndugu zake ng'ambo, Juani: kwamba kina mama hawasemi kitu lakini hawamwiti tena, na kwamba wako watu wanaouliza swali jingine. Kama hakuwa anapima watoto, basi kila asubuhi alikuwa anarauka kwenda wapi? Mwenye nyumba alilisema hilo huku akipanga vipande vya pweza kwenye sinia, akaguna, akaniambia nile kabla chakula hakijapoa.

Mchana ule niliifungua simu. Nilikuwa nimeagizwa niifute apewe mhudumu mwingine. Nikaingia kwenye ile nafasi ya siri, na vyote vilikuwemo. Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtoto wa Zuhura, kilo sita na nusu. Jumatano, saa moja kasorobo, mjamzito, miguu imevimba, ameambiwa avuke kwenda hospitali. Ijumaa, asubuhi na mapema, mtoto wa Zuhura tena, homa. Miezi minne, siku kwa siku, saa kwa saa, hakuna hata moja iliyorundikwa. Nilisoma huku nikitafuna, maana nilikuwa na njaa, na nilipofika mwisho nikaona nimemaliza sinia. Hilo nalo nalikumbuka kwa karaha.

Nilimpelekea Fadhili. Alikuwa chumbani kwake amevaa shuka na singlendi, anakata kucha, vipande vikirukia juu ya kile kitabu chetu cha mahitaji. Alitazama skrini kwa muda mfupi sana. Akasema anajua. Akasema nikiutoa ushahidi ule, mfadhili ataona kwamba tarehe zote za mfumo mzima hazina maana, atafunga mradi, na vitongoji vingine vyote vitarudi kwenye madaftari kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekuwa anajitolea tu. Kisha akafagia kucha kwa kiganja, akasema kwa upole, "Na muundo ule ni wako, Raya. Si wangu, si wa Sefu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nimewahi kuwaeleza vijana ninaowafundisha kazi kwamba kuchagua muundo ni kuchagua nani ataaminiwa. Wanaandika kwenye vijitabu vyao, wanaona ni busara. Siwaambii kwamba nilikaa kwenye kochi la nailoni, nikabonyeza kufuta, simu ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Wala siwaambii kwamba niliogopa jina langu kuliko nilivyomwonea huruma yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa kwenye kilemba chake.

Siku chache baadaye nilikuwa Utende, zinakotia nanga boti za visiwani, nikiwakabidhi wahudumu wa kisiwa cha Chole chaja zao, tayari kuondoka kisiwani kabisa. Boti ya kutoka Juani ikaingia, akashuka Bi Pili, na nyuma yake Mzee Haji, suruali imekunjwa, hakumshika mkono mkewe kuteremka. Akabaki karibu na boti akitazama kwingine. Bi Pili akanifuata. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hali, akaniuliza safari, akaulizia hata wazazi wangu ambao hajawahi kuwaona. Kisha akasogea karibu.

"Ile simu unayo, mwanangu? Sikuja kuidai. Nataka uifungue tu, umwonyeshe baba watoto ile Ijumaa ya mvua niliyokwenda kwa Zuhura. Aone iliandikwa asubuhi ileile. Wengine waache waseme, lakini yeye aone."

Simu ilikuwa kwenye mkoba wangu, begani, tupu. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama nilimwona Mzee Haji ameshageuka, ananitazama, anasubiri. Ningeweza kumwendea, hatua kumi tu, nikamwambia kwa mdomo wangu. Nikasema simu iliharibika, ikajifuta yenyewe, vyote vimepotea.

Bi Pili akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu ya chumvi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Na tabu yote ile uliyoipata kuitengeneza."

Nami nikaitikia kama nilivyolelewa, nikasema nimeshapoa.